Basi la Manila

Mtaani kwetu Temeke tulimwita Masjala. Alikuwa ametunza mafaili ya serikali mpaka akastaafu, na alipostaafu aliacha kwenda ofisini tu, kazi yenyewe hakuiacha. Jina lake la kwenye vyeti nililiona mara moja, siku aliponiletea kitambulisho nimtolee kopi, na hata siku hiyo alilifunika kwa kidole gumba kana kwamba nina nia mbaya.

Mimi nina duka la steshenari. Natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, nauza madaftari na bahasha za kaki, na msimu wa harusi ukifika nachapa kadi mpaka mashine inanuka. Katika wateja wangu wote hakuna aliyekuja mara nyingi kama Masjala, wala aliyenichosha kama yeye. Alifika asubuhi nikiwa bado nafagia, shati limechomekewa, kalamu mbili mfukoni, futi ya njano ya fundi cherehani inaning'inia shingoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Kuna majeruhi leo?"

Majeruhi ni karatasi zilizoharibika: kadi zilizotoka wino umepakaa, manila zilizokatwa mshazari, majalada yaliyopinda. Alichukua moja moja, akaikunja kidogo karibu na sikio, akasikiliza, akaigeuza, akaikunja upande wa pili, akasikiliza tena. Alisema karatasi ina upande inaoupenda kukunjika, na ukiilazimisha upande mwingine itakupasukia mbele ya watu. Kisha aliigusisha na mdomo wa chini kupima unyevu. Nyuma yake foleni ya wanafunzi wenye vyeti vya kutolea kopi ilikuwa ikihema. Hakujali. Karatasi iliyomkataa aliirudisha taratibu na kunipa pole.

Kwa majeruhi hao alitengeneza magari. Ukiyaita ya kuchezea alikukazia macho mpaka ukajirekebisha mwenyewe. Kila gari lilikuwa nakala ya gari halisi linalopita mitaani kwetu, limepunguzwa mara ishirini, na halikuwa na kitu ila karatasi, gundi na uzi. Milango ilifunguka. Magurudumu yalizunguka. Ukiinua boneti unakuta injini imekunjwa humo ndani, ingawa alijua hakuna atakayeinua boneti. Alikuwa na lori la taka, la zimamoto, kijiko cha kuchimbia mitaro, bajaji tatu, na guta la magurudumu matatu lenye magunia ya mkaa yaliyoshonwa kwa uzi wa katani. Magari arobaini na kitu, na gari moja tu ndilo aliloombwa na mtu, na hilo ndilo alilokataa kwa miaka. Aliyeomba ni mkewe.

Alikataa kwa sababu ya kanuni yake. Masjala hakujenga gari ambalo hajalipima kwa mkono wake. Picha hakuitaka, alisema picha inasema uongo pembeni. Alipima gari, akafungua faili, akaandika namba ya faili, akapanga vipimo kwa mpangilio, ndipo akashika wembe. Ukimwambia jambo ambalo hajaliandika, kwa mfano kwamba jana mvua ilinyesha, alikujibu, "Hilo halipo kwenye faili." Nimewahi kumwambia kwamba viatu vyake vimefunguka kamba akanijibu hivyo hivyo, kisha akajikwaa.

Kwa kanuni hiyo alipata matatizo mengi, na mimi nilicheka karibu yote. Vijana wa bodaboda walimfukuza wakidhani anapiga mahesabu ya kuiba matairi. Gari la kunyonya vyoo lilipokuja kwa jirani, watu wote tulifunga madirisha, yeye akatoka na futi. Alizunguka lile pipa akipima huku dereva akimwangalia kwa huruma. Alipomaliza kulijenga, mkewe alilikuta juu ya meza ya chakula, kati ya chumvi na chai. Yule mama hakupiga kelele. Alilinyanyua kwa ncha za vidole, akaenda kuliweka chooni, akasema limefika kazini.

Meza ile ya chakula ilikuwa kesi nyingine. Ilinunuliwa watu sita wale. Tangu Masjala astaafu hakuna aliyewahi kula hapo, maana ilikuwa gereji. Familia ilikula mkekani, na wageni wakiuliza aliwaambia kwamba mkekani tumbo linatulia. Nilipowatembelea siku ya sikukuu nilikula pilau nimeikalia miguu yangu, mbele yangu greda ya manila inanielekezea sime lake. Mkewe aliniegemea akaninong'oneza kwa sauti ya kusikika nyumba nzima.

"Ametengeneza gari la taka. Ametengeneza gari la vyoo. Basi lililonileta mie mjini, ng'o."

"Halipo kwenye faili," alijibu Masjala kutoka upande wa pili wa mkeka, mdomo umejaa.

Basi lenyewe lilikuwa hili. Walipooana walitoka Masasi kuja Dar kuanza maisha, zaidi ya miaka arobaini iliyopita, wakati barabara ya kusini ilikuwa ya udongo na Rufiji inavukwa kwa pantoni. Walisafiri siku tatu. Yule mama hakuwahi kupanda gari kabla ya hapo, na alilikumbuka basi lile kama watu wengine wanavyokumbuka nyumba waliyozaliwa. Lilikuwa la bluu. Kiti chao kilikuwa cha tatu, upande wa kushoto. Na dirisha lao, alisema kila mara, lilikuwa halifungi, akala vumbi mpaka Temeke.

"Madirisha yote yalifungika," alisema Masjala.

"Letu halikufungika."

"Mama, basi lile lilikuwa zima. We ulikuwa umelala, umeota."

Hapo ndipo niliposhangaa kidogo, kwa sababu mambo mengine yote ya safari ile alisema hayapo kwenye faili. Dirisha tu ndilo alilokuwa na hakika nalo. Lakini sikulifikiria sana, nilikuwa nataka nyama nyingine.

Usidhani alikuwa mtu wa ovyo. Mwaka mmoja, msimu wa harusi umepamba moto, niliweka kwenye stuli mafungu mawili ya kadi: majeruhi na kadi nzima za mteja. Akachukua fungu la kadi nzima. Kufikia jioni kadi kumi na mbili za mwaliko zilikuwa zimeshakuwa ubavu wa gari la zimamoto, na ukisogeza jicho ungesoma humo ndani "tunayo furaha kuwaalika." Mama mzazi wa bibi harusi alikuja dukani kwangu na sauti ambayo bado ninaisikia. Wageni walikwisha kuambiwa hakuna kuingia ukumbini bila kadi, na mashine yangu ilikuwa imekufa siku hiyo hiyo.

Masjala alisikia, akaomba majina ya wale kumi na wawili. Siku ya harusi alisimama mlangoni mwa ukumbi amevaa suti, faili mkononi, akahakiki kila mgeni jina, kabila la baba na mahali anapokaa. Wote kumi na wawili waliingia. Tatizo ni kwamba alipokwisha kushika mlango hakujua kuuachia. Alimzuia mpiga picha. Alimzuia mjomba wa bwana harusi, aliyekuwa na kadi halali kabisa mkononi, kwa sababu kadi imekunjwa vibaya. Ilibidi mkewe aitwe kutoka kwenye meza ya vinywaji aje kumwondoa.

Na msiba je? Mtaa wa pili kulikuwa na msiba, gari la kubebea maiti limeegeshwa nje, na Masjala alikuwa hajawahi kulisogelea gari la aina hiyo. Alivumilia sala ya kwanza. Ya pili ikamshinda. Nilimwona ananyata, akachuchumaa nyuma ya gari, akaanza kupima mlango. Mjomba wa marehemu aliiona ile futi, akamfuata, akamwinamia kwa heshima zote.

"Fundi, mbona umechelewa? Sanduku mlilotuletea fupi. Marehemu anagusa."

Mtu mwingine angekana. Masjala aliingia ndani, akapima, akatoka, akaandika kwenye karatasi kwamba sanduku limepungua inchi nne, akaweka sahihi. Sanduku likabadilishwa. Baadaye nilimuuliza hakuona haya kudanganya wafiwa. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nani aliniuliza kama mie ni fundi?" Gari lile alilijenga kwa kadi za harusi. Ndizo zilizokuwepo.

Jambo lililonistaajabisha kuliko yote ni kwamba mtu huyu mwenye magari arobaini alikuwa hapandi gari. Alitembea. Alitembea kwenda Tandika, alitembea kwenda hospitali, aliwahi kutembea mpaka Kariakoo na kurudi kwa sababu ya aina fulani ya gundi. Akiulizwa alisema barabara zimeharibika. Nilijua ukweli siku mkewe aliposhikwa na kichwa ghafla, ikabidi wakimbie na bajaji. Waliporudi mama alishuka mzima. Masjala alishuka rangi ya majivu, akakaa kwenye ngazi ya duka langu ameshika kwa mikono miwili mfuko wa plastiki aliotapikia, akanisihi nisimwambie mtu.

"Ni uzee huu," alisema. "Ujanani nilikuwa napanda chochote. Chochote, binti."

Siku hiyo ya bajaji ndiyo iliyobadilisha mambo. Kile kichwa hakikuwa kichwa, yalikuwa macho. Hospitali walisema ni presha ya macho, kwamba imeshakula sehemu kubwa, na kilichobaki kitaondoka pia, dawa itachelewesha tu. Mama aliipokea habari ile vizuri kuliko sisi. Alikuja dukani akanunua bahasha asiyoihitaji, akakaa.

"Mwanangu, mie sina tamaa. Nimeona bahari, nimeona wajukuu. Nataka nilione lile basi kabla taa haijazimwa. Mwambie wewe, mie ameshanizoea."

Nilimwambia. Nilimwambia kwa maneno ambayo binti hapaswi kumwambia mzee, tena mbele ya wateja. Alisikiliza mpaka mwisho, futi shingoni, macho chini.

"Nitalipima wapi?" alisema. "Lilishakatwa vyuma chakavu, binti. Nikikisia litakuwa basi lingine. Nimpe basi la watu?"

Nilikasirika, lakini niliona kwamba hatanii. Kwake basi la kukisia lilikuwa uongo, na alikuwa hataki kumdanganya mkewe siku za mwisho za macho yake. Aliondoka bila kuuliza majeruhi.

Wiki iliyofuata walikuja wote wawili, mchana, duka limejaa. Yeye alibeba mfuko, mama alimshika mkono.

"Binti, tunaomba benchi lako dakika kumi."

Aliwahamisha wateja kutoka kwenye benchi, akamkalisha mama kushoto, kwenye ukuta, akaketi kando yake. Kisha akanikabidhi futi. Ndipo nilipoelewa. Basi halikuwepo tena, lakini watu waliokaa ndani yake walikuwepo.

"Kiti kilituenea?" Masjala alimuuliza mkewe.

"Sawasawa. Tenga la kuku lilikuwa miguuni."

"Sogea basi kama vile."

"Nimesogea."

"Hujasogea, mama. Siku ile hapa katikati hapakuwa na nafasi."

"Siku ile nilikuwa nakuogopa, ningesogea vipi? We ndo ulisogea."

Wateja walicheka. Nikapima bega hadi bega, nikataja sentimita, Masjala akatikisa kichwa. "Kubwa mno. Wakati ule ulikuwa nusu ya hapa."

"Na hicho kitambi ulikuja nacho kutoka Masasi?"

Kijana mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti alipendekeza wapunguze robo. Masjala alimuuliza hiyo robo ameipata faili gani. Kisha akafungua mfuko, akatoa gauni la harusi la mkewe, limekuwa rangi ya chai kwa ukale, na koti lake mwenyewe la siku hiyo. Tukayalaza kwenye kaunta yangu, juu ya madaftari, bega la gauni likigusa bega la koti. Nikapima. Akaandika. Upana wa kiti ukapatikana bila kukisia, na kutoka kwenye kiti akapata njia ya katikati, na kutoka hapo upana wa basi. Mama alionyesha kwenye bega lake mahali kioo kilipoanzia. Alionyesha kwa mguu umbali wa ngazi ya mlangoni, maana aliikumbuka kwa kuwa ilimchania khanga. Kila alichosema kilipimwa mwilini mwake. Sijawahi kuona mtu anasikilizwa namna ile, na nilijisikia vibaya kwa maneno yangu ya wiki iliyopita.

Rangi ilichukua muda. Nilimletea mama manila zote za bluu, akazileta karibu kabisa na uso, akazielekeza kwenye mwanga wa mlangoni.

"Hii ya sare za shule. Hii ya hospitali." Akafika ya tano, akainusa bila sababu. "Hii."

Basi nikangoja. Mwezi ukapita, na wa pili. Nilipokwenda kuchungulia nililikuta juu ya meza, zuri mpaka nikainama kulitazama: viti vimefumwa, ngazi nyuma ya kupandia mizigo, tenga la kuku miguuni pa kiti cha tatu. Lilikuwa limekwisha. Lilibaki tundu moja tu, dirisha la tatu upande wa kushoto.

"Mzee, si limekwisha hili? Mpe mama."

"Dirisha moja halina kipimo."

"Si yote yanafanana? Kata kama yale mengine!"

Alilifunika basi kwa gazeti. Mwezi wa tatu ukapita. Mama akaanza kupapasa ukuta anapokuja dukani, halafu akaacha kuja. Nilipouliza habari za basi niliambiwa bado dirisha. Nilimchukia Masjala siku zile, nasema wazi. Alipofika asubuhi kuuliza majeruhi nilimwambia hakuna, na kapu lilikuwa limejaa mbele yake.

Nilikwenda kwao Jumapili moja mchana kumwona mama. Nilibisha hodi, nikakaribishwa, nikasimama mlangoni kwa mshangao. Meza ilikuwa tupu. Magari yote yalikuwa yamepangwa sakafuni kufuata ukuta, na juu ya meza palikuwa na sahani za watu wawili, hotpoti ya wali, na basi la bluu. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti. Macho yake yalitazama upande wa dirishani, ambako mwanga ndio kitu pekee alichobaki akikitambua. Masjala alisimama pembeni yake, mikono nyuma, kama mtu aliyeitwa kwa bosi.

"Karibu, mwanangu," alisema mama. "Umekuta napanda basi."

Alikuwa analisoma kwa vidole. Alianza na taa, akapanda kwenye kioo cha mbele, akagusa ngazi ya mlangoni akacheka, akasema hiyo hiyo, ndiyo mchana-khanga. Akashika upande wa kushoto. Dirisha la kwanza alilisukuma, likateleza, likafunga. La pili likateleza, likafunga. Kwenye la tatu kidole kilisukuma na dirisha halikwenda. Akasukuma tena, polepole. Lilikuwa limesimama nusu, limepinda kidogo kwenye kona.

"Halifungi," alisema.

Masjala alikohoa. Alishika ile futi shingoni kwa mikono miwili.

"Lilikwama," alisema. "Nililikwamisha mie. Tulipotoka pantoni tumbo lilinigeuka, nikalivuta kwa nguvu likapinda. Nikatapika nje. Nikashindwa kulirudisha. We ulikuwa umelala."

Mama hakuondoa kidole dirishani.

"Sikulala," alisema.

Nilimtazama Masjala. Sijui kama nitaona tena uso kama ule.

"Nilifumba macho tu. Nilijiambia, huyu bwana ana haya, nikimwangalia saa hizi atapanda pantoni arudi kwao aniache na kuku."

"Miaka yote hii?"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Kila nikilitaja dirisha unaniambia nimeota." Akalipapasa tena, kona ile iliyopinda. "Umelipatia. Lilikuwa hivi hivi."

Masjala alivuta kiti, akakaa. Alikaa mezani kwake, pa kulia chakula, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akalivuta faili la basi, akachomoa kalamu mfukoni, akanisogezea mimi vyote viwili.

"Andika, binti. Dirisha la tatu kushoto, limekwama nusu."

Nikaandika.

"Andika na sababu."

Nikaandika sababu. Nilitaka kulifunga faili, mama akanyoosha mkono hewani akitafuta wa kwangu, akaupata.

"Andika pia kwamba sikulala," alisema. "Halafu mpakulie wali, rafu ya juu jikoni kuna limau. Ameshinda njaa tangu asubuhi kwa woga."